Ufunguo Ukishavuja, Kuufuta Hakutoshi

Ndugu zangu watengeneza programu, nanyi mnaosimamia seva, asanteni kwa kufika. Nianze na mstari ambao wengi wetu tumewahi kukutana nao ndani ya msimbo: jina la hifadhidata, na mbele yake nenosiri lenyewe, wazi kabisa. Liliwekwa hapo ili kazi iende, kwa ahadi kwamba litaondolewa baadaye. Siku mtu anapoliona, analifuta, anahifadhi mabadiliko kwenye Git, anashusha pumzi. Anadhani yamekwisha.

Hayajaisha. Kazi ya Git ni kutunza kila toleo lililopita. Andika amri ya kuonyesha historia, `git log -p`, na nenosiri lile linajitokeza tena, pamoja na tarehe na jina la aliyeliweka. Hata ukiiandika upya historia nzima, nakala zilizokwisha kuchukuliwa na wengine zimebaki nalo. Na kama msimbo ulikuwa wazi kwa umma, ziko programu zinazopekua GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, usiku na mchana zikisaka maandishi ya namna hiyo. Funguo za kudumu za AWS, yaani maandishi ya siri yanayofungua huduma za seva za kukodi za Amazon, huanza na herufi AKIA. Kuzitambua ni rahisi mno. Kwa hiyo la kwanza ni kuubatilisha ufunguo, la pili kusoma kumbukumbu za seva ujue nani aliutumia na alifanya nini. Kusafisha historia kutafuata.

Mtu ataniambia msimbo wao ni wa faragha. Mwaka 2016 wadukuzi waliingia kwenye msimbo wa faragha wa Uber uliokuwa GitHub, wakakuta humo ufunguo wa AWS, wakaondoka na taarifa za watu milioni 57. Toyota nayo ilitangaza mwaka 2022 kwamba ufunguo wa seva yenye taarifa za wateja ulikaa hadharani kwenye GitHub tangu Desemba 2017. Karibu miaka mitano! Ufunguo usio na tarehe ya kufa humngoja yeyote atakayeuokota.

Ndiyo maana naona tunapoteza nguvu nyingi kwenye kuficha, na tunasahau kuuliza ufunguo wenyewe unaruhusiwa nini. Wanasayansi wa kompyuta Saltzer na Schroeder waliandika mwaka 1975 kwamba kila programu ipewe ruhusa zile tu inazozihitaji kwa kazi yake, na mpaka leo tunazigawa kwa ukarimu unaotisha. Katika tukio la benki ya Capital One ya Marekani la mwaka 2019, mshambuliaji aliihadaa seva ya ulinzi iliyosanidiwa vibaya hadi ikampa tokeni zake za muda, yaani funguo zinazokwisha zenyewe baada ya kitambo. Ulinzi wa mtandao una haja gani ya kusoma mafaili ya wateja? Lakini ruhusa hiyo ilikuwapo, na taarifa za watu takriban milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Kanada zikachukuliwa. Tokeni za muda hazikuwaokoa, kwa sababu ruhusa zilikuwa pana.

Tufanyeje basi? Programu inayotoa ripoti ipewe akaunti yake ya hifadhidata, isome majedwali inayoyahitaji, isiweze kufuta hata safu moja. Funguo za majaribio zisifungue data halisi. Siri zikae kwenye mfumo maalumu wa kuzitunza, programu izichukue inapowaka, na pale inapowezekana ipewe tokeni inayoisha baada ya saa moja. Faili la `.env`, linalobeba siri za programu nje ya msimbo, si baya, ila lisiingie Git, na mjue kwamba ripoti za hitilafu zinaweza kuyachapa yaliyomo bila ninyi kutambua.

Na niseme hili kwa uchungu: msimfokee kijana aliyevujisha ufunguo. Akiogopa atanyamaza, na kila saa ya ukimya ni saa ya mdukuzi.

Kesho mkirudi kazini, chagueni ufunguo mmoja unaotumika sasa, mjaribu kuubadilisha mchana, watumiaji wakiwa ndani. Pale huduma itakaposimama, pana programu iliyokuwa ikiutumia bila ninyi kujua. Anzeni na hiyo.