Enoden Mezani: Kujenga Reli Ndogo ya Kijapani Nyumbani

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, asanteni kwa kuja.

Aliyewahi kupanda TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi amesafiri kilomita 1,860 juu ya njia yenye upana wa milimita 1,067 kati ya reli na reli. Upana huohuo ndio Wajapani walioutumia walipofungua njia yao ya kwanza mwaka 1872, kati ya Shimbashi na Yokohama, na hadi leo sehemu kubwa ya treni za kule, ukiziweka kando Shinkansen, yaani treni zao za mwendo kasi, na baadhi ya kampuni binafsi, hupita kwenye upana huo. Naanza na upana kwa sababu leo nitazungumza juu ya reli ndogo za mezani, na sana juu ya vipimo vyake, na kipimo hiki ndicho mama wa vyote vitakavyofuata.

Skeli, yaani kiwango cha kupunguza vipimo, iliyoenea majumbani Japani inaitwa N. Reli zake zina upana wa milimita 9. Kampuni ya Kato ilitoa treni yake ya kwanza ya N mwaka 1965, kichwa cha mvuke cha aina ya C50, na Tomix wakaingia sokoni mwaka 1976. Ukichukua upana wa Shinkansen, milimita 1,435, ukaugawa kwa 160, unapata 9 karibu kamili. Ndiyo maana Shinkansen ndogo hutengenezwa kwa 1 kwa 160. Treni za reli nyembamba zina umbo dogo zaidi, kwa hiyo zikapunguzwa mara 150 tu. Hapo hesabu inachechemea: 1,067 ukigawa kwa 150 ni milimita 7 na ushei, ilhali njia yetu ni 9. Reli inakuwa pana kuliko inavyostahili. Wajapani wameishi na kasoro hiyo zaidi ya nusu karne, nami naikubali kwa moyo mweupe, kwa kuwa imewapa kitu cha thamani: treni ya mtengenezaji huyu hupita kwenye reli za yule bila shida.

Sasa niseme lile lililonileta. Wengi wakipata seti ya kwanza huunganisha reli ziwe duara refu, wakaiendesha treni, halafu ndipo wanaanza kutafuta cha kuweka katikati. Nyumba mbili, miti mitano, mlima. Kinachopatikana ni treni inayojifukuza mkia. Mimi nashauri mtu achague mahali kabla ya kununua hata kipande kimoja cha reli. Mahali halisi, penye jina, unapoweza kupaona kwenye picha na ramani. Na kama nafasi yako ni ndogo, chagua mahali ambapo na wenyewe reli yao ni ndogo.

Mahali hapo kwangu ni Enoden, Reli ya Umeme ya Enoshima, kusini mwa Tokyo. Inatoka Fujisawa hadi Kamakura, kilomita 10 na stesheni 15. Ilianza kazi mwaka 1902. Karibu yote ni njia moja, treni mbili hupishana mahali maalumu tu, na treni zenyewe ni za mabehewa mawili yaliyoungana juu ya bogi moja la katikati, yaani fremu moja ya magurudumu, rangi ya kijani na maziwa. Inapita nyuma ya nyumba za watu, karibu kiasi cha kuona nguo zilizoanikwa. Inapita mbele ya lango la hekalu la Goryo, ambapo msafiri anayekwenda kusali lazima kwanza avuke reli. Inaingia kwenye handaki moja tu, la matofali. Inatokea ufukweni mwa Ghuba ya Sagami. Kisha kati ya Koshigoe na Enoshima inashuka barabarani kabisa, ikatembea katikati ya lami pamoja na magari.

Usidhani unaweza kuijenga yote. Kilomita 10 ukizigawa kwa 150 ni mita 67. Hata tajiri hana sebule hiyo. Lakini kuna namba moja ya Enoden iliyonifanya niipende kuliko reli yoyote nyingine kwa kazi hii. Karibu na hekalu la Ryukoji, mwisho wa ule mtaa inamopita barabarani, njia inapinda kwa kona yenye nusu kipenyo cha mita 28. Ni kona kali mno kwa treni. Gawa kwa 150: milimita 187. Tomix wanauza reli ya kona ya milimita 177. Mnaona? Kona ambayo kwenye reli nyingi za Japani ingeonekana uongo wa kubana nafasi, hapa ni karibu ukweli wenyewe. Fundi wa reli ndogo siku zote anaomba radhi kwa kona zake kali. Anayejenga Enoden haombi radhi.

Basi tupime ubao. Nusu kipenyo 177, mara mbili ni 354, ongeza upana wa msingi wa reli za Tomix, milimita 18.5, unapata 372.5. Ubao wenye upana wa sentimita 45 unatosha na nafasi ya pembeni inabaki. Urefu nimechukua sentimita 60. Ukiondoa kona mbili, zinabaki sentimita 22 na nukta za njia iliyonyooka kila upande. Reli ya milimita 140 na ya 70 zinaingia bila kubanana. Mzunguko mzima ni kama mita moja na nusu. Treni halisi ya mabehewa mawili ina urefu wa takriban mita 25, yaani sentimita 17 mezani. Na mwendo? Enoden haina haraka. Ukichukua kilomita 30 kwa saa, mezani ni sentimita 5 na nusu kwa sekunde, na mzunguko mmoja utachukua karibu nusu dakika. Shika saa, pima, weka alama kwenye kidhibiti cha mwendo, na usipite hapo. Mwendo wa kasi huharibu reli ndogo kuliko rangi mbaya, kwa sababu ndio unaomkumbusha mtazamaji kwamba njia ni fupi.

Mtu ataniuliza: mbona hakuna sehemu ya kupishania, wakati Enoden inazo? Nilitamani sana kuiweka. Lakini pointi, vile vipande vya reli vinavyogawa njia kuwa mbili, zinakula nafasi. Pointi ya kawaida ya Tomix ina kona ya nusu kipenyo cha milimita 541 na nyuzi 15, urefu wake milimita 140, na baada yake unahitaji kona nyingine ya aina hiyo kuirudisha njia iwe sambamba. Hizo ni sentimita 28 mwanzo wa sehemu ya kupishania, 56 ukijumlisha na mwisho wake, kabla hujapata hata sentimita moja ya kusimamisha treni. Sisi tuna 22. Zipo pointi fupi zaidi, ila kwenye ubao huu zingegeuza mtaa wa Koshigoe kuwa karakana. Nimeziacha, na ubao umepumua.

Hapa ndipo ufundi unapoanza: kuligawa duara lisionekane duara. Kamakura imezungukwa na vilima pande tatu, na bahari upande wa nne. Jenga kilima katikati ya ubao, kirefu, chenye miti, kipite macho ya anayetazama. Mtu akiwa upande mmoja asiuone wa pili kabisa. Upande wa mbele weka bahari, barabara ya pwani namba 134, na kile kivuko cha reli kilicho jirani na stesheni ya Kamakurakokomae, kinachotazama maji. Upande wa nyuma weka uchochoro, nyumba za mbao, na lango la hekalu. Kona moja ifiche ndani ya kilima, mdomo wa handaki uwe wa matofali. Kona ya pili iache wazi, izamishe barabarani, iwe ile ya Ryukoji. Sasa treni ikiingia handakini huku, inatokea mtaa mwingine. Nusu dakika ile inakuwa safari.

Kilima tunakijenga kwa lile povu jeupe jepesi linalokuja ndani ya maboksi ya televisheni. Bandika tabaka kwa gundi ya mbao, chonga kwa kisu kirefu, funika kwa karatasi na plasta, paka kahawia kabla ya majani. Usitumie gundi yenye vimumunyisho vikali, italila povu lote. Na handaki liwe na mlango wa nyuma au paa linalofunguka, mkono wako uifikie treni itakapokwama, maana itakwama.

Barabara ya lami yenye reli ndani ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kata kadibodi ngumu, ijaze kati ya reli mbili na nje yake, lakini acha mfereji wa milimita moja hivi ndani ya kila reli kwa ajili ya ukingo wa gurudumu. Kadibodi iwe chini ya uso wa reli kwa unene wa karatasi moja, la sivyo kila ukisafisha reli utakwangua lami. Rangi isiwe nyeusi. Lami iliyopigwa jua ni kijivu, na ya Koshigoe imejaa viraka.

Bahari nayo ina mtego kwa watu wa kwetu. Mkono unataka kuchora Paje au Diani, mchanga mweupe na maji ya feruzi. Mchanga wa Shichirigahama, ufukwe inakopita Enoden, ni mweusimweusi, una chembe za chuma ndani yake, na maji ya Sagami ni ya kijani kizito. Paka rangi hiyo kwanza juu ya ubao laini uliopigwa msasa, iache ikauke, kisha vanishi inayong'aa tabaka kwa tabaka, na ya mwisho igongegonge kwa brashi ili iwe na viwimbi. Ufukwe uko kusini mwa reli, kwa hiyo jua linatoka upande wa bahari. Taa yako iweke huko, nyuma ya bega la mtazamaji. Taa ikitoka kaskazini, anayeijua Enoden atahisi kuna jambo haliko sawa hata kama hataweza kulitaja.

Jukwaa la stesheni halisi linaweza kuwa mita 50, ambazo ni sentimita 33, nasi hatuna. Langu lina sentimita 18. Linaitosha treni ya mabehewa mawili, basi. Na wenyewe Enoden wana tatizo hilohilo: treni ya mabehewa manne ikisimama Koshigoe, jukwaa halilifikii behewa moja, na milango yake haifunguliwi.

Vitu vidogo vinavyobaki nitavitaja harakaharaka. Mtu mzima katika skeli hii ana urefu wa milimita 11. Mashine ya kuuzia vinywaji, milimita 12, na usiisahau, mtaa wa Kijapani bila mashine hiyo haujakamilika. Nguzo za umeme ziwe nyingi, zenye transfoma juu, zimeinama kidogo. Mapaa ya vigae yawe na rangi zinazotofautiana kidogo nyumba kwa nyumba. Nyumba zilizotengenezwa tayari zinapatikana, lakini zote hutoka na mng'ao wa plastiki; zipake vanishi isiyong'aa, kisha maji yenye rangi nyeusi kidogo yaingie kwenye mifereji ya paa. Usijaze kila kona. Nafasi tupu mbele ya lango la Goryo ndiyo inayolipa lango heshima.

Kwa upande wa treni, kampuni ya Modemo wametengeneza Enoden za skeli hii. Behewa la kawaida la mita 20 ni zaidi ya sentimita 13 mezani, na kwenye kona ya 177 ncha zake zitatoka nje na kugonga nguzo, kama litapita. Magari ya Enoden ni mafupi, yamezaliwa kwa kona hizi. Hata hivyo endesha treni yako kwenye reli tupu jioni kadhaa, mbele na nyuma, kabla hujabandika chochote.

Umeme wa reli ni wa mkondo wa moja kwa moja (DC), usiozidi volti 12. Ukiongeza volti treni inakwenda kasi, ukigeuza chanya na hasi inarudi nyuma. Kwa mita moja na nusu, jozi moja ya nyaya inatosha. Reli zipanguse kwa kitambaa chenye spiriti kila kabla ya kuendesha, hasa sisi tunaoishi karibu na bahari. Na tafadhali lisikieni hili: vidhibiti vinavyouzwa Japani vimetengenezwa kwa umeme wa volti 100. Soketi zetu ni 230 hadi 240. Ukichomeka moja kwa moja umekiunguza, na nyumba nayo iko hatarini. Nunua kidhibiti kilichoandikwa volti zetu, au tafuta transfoma ya kushusha hadi 100 yenye uwezo wa kutosha, kabla hujaagiza treni.