Nani alijaza fomu?

Mlionisikia nikiongea hili mwaka jana mnivumilie, maana nalirudia, na mwakani mkinialika nitalirudia tena. Jeshini ili upate medali kwa kawaida inabidi mkubwa wako akae chini, ajaze fomu, atafute mashahidi, apeleke juu. Asipojaza imeisha hiyo.

Sasa Tibor Rubin. Kijana wa Kiyahudi kutoka Hungaria, ana miaka 15 wanajeshi wa Marekani wanamtoa kambi ya mateso ya Wanazi, Mauthausen, Mei 1945, kabaki mifupa. Akajiapiza akifika Marekani atavaa magwanda kama yao. Akafika 1948, Kiingereza cha kubabaisha, mtihani wa kuingia jeshini akafeli, akarudia, 1950 huyo vitani Korea.

Huko akaangukia kwa sajenti asiyewataka Wayahudi. Wenzake walikuja kula kiapo kwa maandishi kwamba kila kazi ya kifo, jina linaloitwa ni la Rubin. Ndo hivyo siku kikosi kinarudi nyuma, yeye anaachwa peke yake kilimani azuie njia. Masaa 24! Alichofanya, kila handaki tupu kaweka mabomu ya mkono, adui wakipanda anakimbilia hili anarusha, anarukia lile anarusha, wale huko chini wanajua wanapigana na kundi zima kumbe ni mtu mmoja anahema. Makamanda wawili walimwagiza sajenti aandike apendekezwe medali ya juu kabisa ya Marekani. Wote wawili wakauawa vitani, na fomu sajenti hakuijaza.

Kuna mtu atasema, si angejiandikia mwenyewe? Ndugu yangu, we unajisifia mwenyewe kwenye barua halafu bosi asiyekupenda ndo asaini? Jaribu kesho kazini kwako utuletee majibu.

Halafu akatekwa na Wachina, waliokuwa wakipigana upande wa Korea Kaskazini. Hapa ndo napapenda, mwenyekiti usiniangalie hivyo. Miezi 30 kambi ya mateka, baridi ya Korea ile, watu wanakufa kwa njaa na kuhara, na hawa vijana wa Marekani njaa ya kambi hawaijui, anayeijua ni yeye. Usiku anatambaa mpaka ghala la adui, anaiba chakula, anarudi anagawa. Wizi? Ndiyo wizi, na angekamatwa pale ni risasi. Mwenzake mmoja jeraha limeoza, Rubin akatafuta funza akawaweka kwenye jeraha ili wale nyama iliyokufa, akasubiri, akawatoa. Jamaa akapona. Wanasema aliokoa hadi watu 40.

Medali kaivishwa lini? Septemba 2005, na Rais George W. Bush, Rubin keshakuwa mzee wa miaka 76, tena baada ya Bunge lao kuamuru faili za wanajeshi wa Kiyahudi zipitiwe upya. Miaka 55 sajenti mmoja kakalia karatasi.

Naona muda umeniishia, habari ya hizo faili naiacha. Moja tu la haraka. Wachina walipojua ni Mhungaria wakamwambia tukurudishe kwenu, akakataa, akabaki na wenzake kwenye chawa. Na uraia wa Marekani alikuja kuupata 1953, baada ya kutoka. Kile kilima na ile kambi vyote kavipitia bado mgeni.

Haya, maswali.