Faili la Waafghani: Waingereza walivyofunika kombe karibu miaka miwili

Haya wapendwa, habari za saa hizi. Dar, Tanga, Arusha, ndugu zetu wa Mombasa, wa Bukavu, wote karibuni. Leo mnaniona nimekaa ndani ya gari, nimepaki nje ya kazini hapa Sheffield, Uingereza. Zamu yangu inaanza saa nne usiku, kwa hiyo nina muda wa kupiga soga kabla sijaingia kubeba boksi. Samahanini kwa kelele za mvua, hapa haina msimu.

Mada ya leo mmeiomba wenyewe. Chini ya video iliyopita kuna ndugu yetu kaandika: “Kaka, hivi ni kweli Waingereza wameingiza Waafghani maelfu kwa siri, wakati dada yangu kaomba visa ya kuja harusini tu wakamnyima?” Nilicheka. Halafu nikaona kwamba ukitoa hiyo harusi, ndilo swali ambalo hata Waingereza wenyewe wamekuwa wakiliuliza.

Jibu fupi ni ndiyo. Waliingizwa kwa siri, na siri yenyewe ililindwa na mahakama. Lakini ukiishia hapo umebeba nusu ya habari, na hiyo nusu ndiyo wanasiasa wengine wa hapa wanaitembeza kama karanga stendi. Nipeni dakika chache niwape na nusu ya pili.

Jeshi la Uingereza lilikaa Afghanistan miaka ishirini, na sehemu kubwa ya vita yao ilikuwa mkoa wa Helmand. Askari wa Kiingereza 457 walifia kule. Sasa jeshi la ugenini haliwezi kutembea hatua mbili bila wenyeji. Kuna mkalimani, kuna dereva, kuna mlinzi wa geti, kuna makomando wa Kiafghani waliofundishwa na kulipwa na Waingereza, wale wanaoitwa Triples. Agosti 2021 Kabul ikaanguka, Taliban wakarudi, na watu hao wote wakabaki wanatazamana na adui yao uso kwa uso. Uingereza ilikuwa na mpango wa kuwahamisha, unaitwa ARAP. Unaandika jina lako, simu yako, ulifanya kazi na nani, na ndugu zako ni akina nani. Yaani unajaza fomu ambayo ikiangukia mikono isiyo yake, ni hati yako ya kifo umeiandika mwenyewe.

Februari 2022, mtu mmoja wa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza alikuwa anajaribu kuhakiki waombaji. Akatuma faili la Excel kwa barua pepe, nje ya mfumo wa serikali. Yeye alijua anatuma mistari 150 hivi. Faili lilikuwa na mistari kama 33,000, mingi imefichwa, haionekani ukifungua juujuu. Ni sawa na mweka hazina wa kamati ya harusi atupie kwenye grupu la WhatsApp orodha ya waliotoa michango wiki hii, kumbe ndani ya faili hilohilo kuna namba za simu na madeni ya ukoo mzima. Waafghani 18,714 walioomba kuhamishwa walikuwemo mle. Na baadaye tukaja kujua kwamba Waingereza zaidi ya 100 nao walikuwemo, wakiwemo makomando na majasusi wao wenyewe.

Na msidhani ni ajali ya mara moja. Septemba 2021 wizara hiyohiyo ilituma barua pepe moja kwa Waafghani 245 na kuacha anwani zao zote wazi, kila mmoja anaona za wenzake. Msimamizi wa taarifa binafsi akaitoza wizara faini ya pauni 350,000. Kwa lile kosa kubwa la watu karibu elfu kumi na tisa? Hakuna faini. Mnaona hesabu hiyo.

Faili likazunguka kimyakimya zaidi ya mwaka. Agosti 2023 vipande vyake vikatokeza Facebook, na mtu aliyekuwa anawasaidia Waafghani ndiye aliyeshtuka akaipigia kelele serikali. Ndipo wakubwa walipojua. Septemba 1, 2023 wakawa mahakamani.

Hapa naomba msikilize vizuri, kwa sababu kwetu serikali ikitaka kuzima habari inalifungia gazeti, na sote tunaona limefungiwa. Hapa walifanya kwa ustaarabu zaidi. Serikali iliomba amri ya kawaida ya kuzuia habari, ya miezi kama minne. Jaji akawapa kubwa kuliko waliyoomba: amri inayozuia habari, na inayozuia hata kusema kwamba kuna amri. Na haikumfunga mwandishi mmoja au gazeti moja, ilifunga dunia nzima. Haikuwahi kutokea. Waandishi kadhaa walishajua, mmoja wao Lewis Goodall, wakakaa na habari kubwa ya maisha yao tumboni kama mtu aliyemeza jiwe. Bunge halijui. Ile kamati ya Bunge inayosimamia usalama na ujasusi, ambayo kazi yake ni siri, nayo haikuambiwa.

Na wale 18,714 wenyewe? Kwa karibu miaka miwili, wengi wao hawakujua kwamba majina yao yako nje.

Nitakuwa muungwana hapa. Serikali ilikuwa na hoja. Ukitangaza leo kwamba kuna orodha imevuja, umewapigia Taliban filimbi waanze kuitafuta. Wiki za kwanza, hata miezi ile minne, mimi naielewa: nyamaza, panga ndege, toa watu. Ben Wallace, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wakati huo, mpaka leo anasema haombi radhi kwa kwenda mahakamani, na kwa hilo simlaumu sana. Tatizo langu ni kwamba miezi minne iligeuka mwaka, na mwaka ukawa karibu miwili. Mei 2024 Jaji Chamberlain alisema basi, amri iondolewe. Serikali ikakata rufaa na ikashinda. Uchaguzi ukapita Julai 2024, chama cha Conservative kikatoka madarakani, Labour wakaingia, siri ikahama nao ofisi kama fanicha. Wananchi walipiga kura bila kujua kwamba kuna mpango wa mabilioni unaendeshwa kwa jina lao. Funika kombe mwanaharamu apite, lakini huyu mwanaharamu hakupita, alikaa sebuleni.

Ndani ya kimya hicho ndipo ulipoanzishwa mpango wa siri wa kuwaleta watu, Aprili 2024. Ilipofika Julai 15, 2025, amri ikaondolewa, Waziri wa Ulinzi John Healey akasimama bungeni akaomba radhi. Watu kama 4,500, waombaji 900 na familia zao, walikuwa wameshafika au wako njiani. Gharama pauni milioni 400 mpaka hapo, na mpaka mwisho wake ingefika kama milioni 850, kwa watu 6,900 hivi. Mezani mwa mahakama kulikuwa na karatasi zinazotaja mpango wa pauni bilioni saba. Healey akasema hiyo ni hesabu ya zamani. Miezi miwili baadaye mkaguzi mkuu wa hesabu akasema wizara haiwezi hata kuonyesha kwa uhakika imetumia kiasi gani.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kukaa, maana magazeti mengi yalipita mbio.

Kwa karibu miaka miwili serikali iliwaambia majaji: hatari ni kubwa mno, ukihesabu na familia zao watu mpaka 100,000 wanaweza kuwa hatarini, kwa hiyo msimwambie mtu. Halafu ofisa mstaafu, Paul Rimmer, akapewa kazi ya kupitia suala zima. Juni 2025 akamaliza: akasema Taliban tayari wana taarifa nyingi za waliofanya kazi na serikali iliyopita, na kuwemo tu kwenye faili hili hakumwongezei mtu hatari sana. Kwa maneno hayo amri ikaondolewa. Na kwa maneno hayohayo, siku ileile, mlango wa ule mpango wa siri ukafungwa. ARAP yenyewe ilishafungwa kwa waombaji wapya Julai 1, wiki mbili kabla watu hawajaambiwa kitu.

Mmeielewa hiyo? Hatari ilipokuwa inahalalisha siri, ilikuwa kubwa. Ilipokuja zamu ya hatari kuhalalisha kumleta mtu au kumlipa fidia, ikawa ndogo. Wanasheria wanawakilisha mamia ya walioathirika, na serikali imesema itazipinga kesi hizo. Kumbe ukifichwa unafichwa kwa faida yako, na ukifichuliwa unaambiwa hukupata hasara.

Mtu akiniuliza hatari ipo au haipo, sina haja ya kubuni. Taliban walitangaza msamaha kwa wote mwaka 2021. Umoja wa Mataifa, kwa miaka chini ya miwili ya mwanzo, mpaka Juni 2023, ukaorodhesha mauaji 218 ya watu wa serikali na vikosi vya zamani, nje ya sheria kabisa. Na Oktoba 2025 Kamati ya Ulinzi ya Bunge ililetewa utafiti wa watu 231 walioambiwa rasmi kwamba wamo kwenye faili: 49 kati yao walisema ndugu au wenzao wa kazini wameuawa kwa sababu ya kuvuja huko. Unaweza kubishana na utafiti, sampuli yake, maswali yake. Lakini kwanza mtu awe ameuliza.

Walichopata wengi ni barua pepe siku ile ya Julai. Inasema taarifa zako huenda zimevuja, usipokee simu usiyoijua, punguza mitandao ya kijamii, tumia VPN. Uko Kandahar, unaambiwa tumia VPN.

Turudi kwa majirani zangu huku. Habari ilipolipuka, mjadala haukuwa juu ya yule wa Kandahar. Ulikuwa juu ya pesa na juu ya nani kaingia. Nigel Farage, mwanasiasa anayepinga wahamiaji, akasema miongoni mwa walioletwa kuna wahalifu wa kubaka. Healey akajibu kwamba kila aliyekuja amechunguzwa kiusalama. Kemi Badenoch, kiongozi wa Conservative, akaomba radhi kwa niaba ya chama chake, maana yote yalianzia kwao. Wakati huohuo, wiki hiyohiyo, watu walikuwa wameanza kuandamana nje ya hoteli kule Epping, na hoteli ile ni ya waomba hifadhi, mambo mengine kabisa. Mwafghani wa ARAP hakuja na boti. Aliomba, akachunguzwa, akapewa ndege na kibali cha kuishi. Lakini ukisimama kituo cha basi, nani atakutenganisha? Na mimi hapa, na jaketi langu la kazini, wananihesabu fungu hilohilo.

Hapo ndipo siri ilipowadhuru Waafghani mara ya pili. Mwaka 2021 Waingereza wengi walikuwa upande wao. Wale askari wa zamani waliopigana nao bega kwa bega walipiga kelele kuliko wote, na bado wanapiga. Serikali ingesema wazi, “tumewakosea, tunawaleta hawa, gharama ni hii,” ingekutana na watu wanaonung’unika, lakini wanaojua deni ni la nani. Badala yake mtu kafungua gazeti asubuhi akakuta kadanganywa karibu miaka miwili, hasira zikatafuta pa kutua, na aliye karibu ni baba wa Kiafghani anayewapeleka watoto shule.

Hapa Sheffield tuna Wakongo wengi tu walioletwa kwa mpango wa zamani ulioitwa Gateway, ulioanza 2004. Kiswahili chao ndicho ninachokisikia sokoni. Wao waliletwa waziwazi, halmashauri inajua, shule zinajua, makanisa yanajua. Shida zilikuwepo, lakini hakuna aliyeamka akaambiwa amefichwa.

Wakenya mnaonitazama, ninyi tabia hii mnaijua. Mafaili ya kikoloni ya Kenya yalihamishwa kimya, yakafichwa jengo moja linaitwa Hanslope Park, mpaka wazee wa Mau Mau walipokwenda mahakamani yakaibuka mwaka 2011. Fidia ikaja 2013, pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, wengi wakiwa vikongwe. Sisemi ni jambo moja. Nasema nchi hii inajua kuhifadhi karatasi na inajua kuzikalia.

Kuna mwingine kauliza: wale makomando, Triples, wamekuja wote? Hapana. Maombi yao zaidi ya 1,500 yalikataliwa, na waliokuwa na neno la mwisho ni makomando wa Kiingereza, wakati hao Waafghani wangeweza kuwa mashahidi kwenye tume inayochunguza tuhuma za mauaji dhidi ya makomando haohao. Hilo linataka video yake nzima na nitaifanya, nasoma kwanza. Pia wengi waliokimbilia Pakistan wakisubiri majibu wanarudishwa Kabul na polisi wa Pakistan, tangu kampeni ya kuwafukuza iliyoanza mwishoni mwa 2023.

Na yule dada wa harusi, ndugu yangu, visa ya kutembelea ina ofisi yake, fomu yake na visingizio vyake. Hakuna Mwafghani aliyechukua nafasi yake. Nitumie barua ya kukataliwa, ficha jina na namba ya pasipoti kwanza, uzifute kabisa, halafu tutaisoma pamoja tuone walikwama wapi. Saa inakimbia, msimamizi wangu huyo anaingia getini. Usiku mwema.