Takrima na Mlango wa Kugombea

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni mliojaliwa kufika jioni hii, nimeombwa kuzungumzia fedha katika uchaguzi, nami nitaanza na neno moja tu, takrima, kwa kuwa neno hilo liliwahi kupewa hifadhi na sheria za Tanzania, kisha likaondolewa na Mahakama Kuu, na katika kuingia na kutoka kwake limetuachia swali ambalo bado hatujalijibu.

Takrima ni neno la heshima. Limetoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliotupatia karimu, ukarimu na karama, na maana yake ni yale anayofanyiwa mgeni: kupokewa mzigo, kupewa maji, kuandaliwa chakula. Mwaka 2000 Bunge liliirekebisha Sheria ya Uchaguzi ya 1985 kwa kuongeza vifungu vidogo viwili katika kifungu cha 98, ambavyo vilieleza kwamba jambo lililofanywa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa jadi halitahesabiwa kuwa kosa, na kwamba matumizi ya kawaida ya kampeni, yakifanywa kwa nia njema, nayo hayatahesabiwa kuwa rushwa. Mitaani vifungu hivyo viliitwa kwa jina moja, takrima, na chini ya jina hilo zilipita khanga, fulana, kofia, sahani za pilau, nauli na bahasha. Sheria haikutaja kiwango. Sahani moja ya wali na lori zima la mchele vilitazamwa kwa jicho moja, mradi mtoaji aape kwamba nia yake ilikuwa njema.

Asasi tatu za wanasheria, yaani Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LEAT (timu ya wanasheria wa mazingira) na NOLA (shirika la msaada wa kisheria), zilikwenda Mahakama Kuu, na mwezi Aprili 2006 mahakama hiyo ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Hoja iliyobeba hukumu ilikuwa ya usawa: mgombea mwenye kipato kikubwa aliwezeshwa na sheria kufanya jambo ambalo mgombea maskini hawezi kulifanya, na kwa hiyo haki ya kushiriki katika utawala wa nchi, ambayo Katiba imempa kila raia, iligeuka kuwa haki ya mwenye nacho. Naiheshimu sana hukumu hiyo. Hata hivyo naamini ipo hoja nyingine, ambayo haihitaji kitabu cha sheria, nayo imo ndani ya neno lenyewe. Takrima hutolewa na mwenyeji kwa mgeni. Katika uchaguzi, mwenyeji ni nani? Nchi ni ya wananchi, kata ni yao, na mgombea ndiye anayebisha hodi akiomba kuingia. Mgombea anapomkirimu mpiga kura, amemgeuza mwenye nyumba kuwa mgeni nyumbani kwake, na mgeni aliyekwisha kula huona haya kuuliza maswali.

Simlaumu mpiga kura. Ukiketi naye atakueleza kwamba watu hawa huonekana mara moja katika miaka mitano, na kwamba asipopata chochote siku hiyo hatapata kamwe. Hesabu hiyo imefanywa na mtu aliyeahidiwa maji na barabara mara nyingi akaviona vyote viwili kwenye mabango tu, na yeyote anayetaka kuikemea rushwa ya uchaguzi hana budi kuanza kwa kuielewa.

Tumewahi kujaribu njia nyingine. Katika uchaguzi wa 1965, Tanzania Bara ikiwa chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa karibu kila jimbo walipewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba, wakasimama katika jukwaa moja, katika mikutano iliyoandaliwa na chama, bila ya mmoja wao kuruhusiwa kuendesha kampeni yake binafsi. Mfumo ule ulikuwa na kasoro kubwa, kwani chama kilichuja majina kabla wananchi hawajayaona, na mimi si mtu wa kuutamani urudi. Lakini katika majukwaa yale fedha haikuwa na pa kusimama, na Waziri wa Fedha mwenyewe, Paul Bomani, alikipoteza kiti chake.

Leo mlango rasmi wa kugombea ni wa bei nafuu. Katika uchaguzi wa 2015 na wa 2020, dhamana ya mgombea ubunge ilikuwa shilingi 50,000, na ya mgombea urais shilingi 1,000,000. Anayesoma takwimu hizo peke yake atadhani kwamba mwalimu wa shule ya msingi anaweza kugombea bila kuuza shamba. Gharama yenyewe iko kabla ya hapo, katika kura za maoni ndani ya chama, ambako wapigaji kura ni wachache, wanajulikana kwa majina na nyumba zao zinajulikana. Ni rahisi zaidi kuwafikia wajumbe hao wachache kwa bahasha kuliko kuwafikia wapiga kura elfu hamsini, na katika majimbo ambako chama kimoja kina nguvu sana, anayeshinda kura za maoni amekwisha kuupata ubunge. Ndiyo sababu nasema kwamba tunapoitafuta fedha siku ya kupiga kura tu, tumechelewa. Imekwisha kufanya kazi yake na kuondoka. Na aliyekopa ili apite hapo huingia bungeni akiwa na wadai, ambao hawamo katika daftari la wapiga kura wa jimbo lake lakini simu zao hupokelewa kwanza.

Machi 2010 Rais Kikwete alitia saini Sheria ya Gharama za Uchaguzi, na napenda iandikwe kwamba sheria hiyo iligusa pia mchakato wa uteuzi ndani ya vyama, jambo ambalo nchi nyingi hazijathubutu. Iliweka ukomo wa matumizi, ikataka michango mikubwa itajwe, ikampa Msajili wa Vyama vya Siasa kazi ya kusimamia. Tatizo langu ni muda. Vyama vimepewa siku 180 baada ya kupiga kura kuwasilisha taarifa za matumizi yao. Miezi sita baada ya kura, mbunge amekwisha kuapishwa na kamati zimekwisha kuundwa.

Majirani zetu wa Kenya wametuonyesha upande mwingine wa jambo hili. Katiba yao ya 2010 imeipa tume ya uchaguzi kazi ya kudhibiti fedha zinazotumika, na sheria ya kuwezesha hilo ilipitishwa 2013. Utekelezaji wake ukaahirishwa hadi baada ya uchaguzi wa 2017. Agosti 2021 tume ilitangaza ukomo, ukiwa shilingi bilioni 4.4 za Kenya kwa mgombea urais, na Bunge likazikataa kanuni zake, hivyo uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila ukomo wowote. Waliozikataa ndio ambao kanuni hizo zingewabana. Nchi hiyo inakumbuka gharama ya kuachia mambo hivyo: baada ya uchaguzi wa 1992, uliofanywa huku fedha zikimwagwa, mfumuko wa bei wa 1993 ulifikia karibu asilimia 46, na aliyelipa alikuwa mnunuzi wa unga.

Pendekezo langu kwa hiyo ni dogo na linaweza kutekelezwa. Taarifa za michango, pamoja na majina ya wachangiaji wakubwa, zitolewe mara mbili kabla ya kupiga kura, yaani mara baada ya uteuzi na tena wiki mbili kabla ya siku yenyewe, na zibandikwe pale pale yanapobandikwa majina ya wapiga kura, kwenye ubao wa ofisi ya kata, kwa Kiswahili, ili anayekwenda kutafuta jina lake asome pia nani amemlipia mgombea wake mafuta ya gari.