Jedwali Mliloliomba Sitawaonyesha

Mwenyekiti, ahsante. Naanza kwa kuomba radhi. Barua ya mwaliko ilisema nije na jedwali: nyumba zetu ndogo za uchapishaji, hizi za watu watatu, watano, wanane, zipangwe kuanzia iliyo salama zaidi mtandaoni hadi iliyo uchi. Nililitengeneza. Limo kwenye flashi hii. Lakini sitalionyesha, na mtanivumilia nieleze kwa nini, ingawa wengine hapa mmeshanisikia mara nyingi kiasi cha kuweza kunimalizia sentensi.

Habari ya udukuzi ni nini na kwa nini tujilinde, naiacha. Hakuna mtu humu ambaye hajawahi kutumiwa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Nianzie kwenye alama.

Kampuni za kutoa alama za usalama zipo. SecurityScorecard wanatoa herufi, A hadi F, kama ripoti ya mtoto wa shule. Bitsight wanatoa namba, 250 hadi 900. Hawa hawaingii ofisini kwako. Wanasimama barabarani na kutazama nyumba kwa nje: ile kufuli kwenye anwani ya tovuti ipo? Programu inayoendesha tovuti ni ya toleo gani? Seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti, ina milango gani iliyoachwa wazi? Rekodi za SPF na DMARC, zile zinazomzuia mtu kutuma barua pepe kwa jina la domeini yako, yaani jina la anwani yako ya mtandaoni, umeziweka? Ndivyo nilivyofanya na mimi, kwa zana za bure, nikiwa nimekaa na chai yangu.

Sasa sikilizeni matokeo. Aliyeshika namba moja ni bwana mmoja ambaye hana tovuti. Ana Gmail, ana ukurasa wa Facebook, na miswada yote anapokea kwa WhatsApp. Zana zangu zilimzunguka zikarudi mikono mitupu, hazikuona kasoro hata moja. Bila shaka! Asiye na nyumba atavunjiwa dirisha gani? Namba mbili alijengewa tovuti kwenye jukwaa kubwa la kukodi la nje, kwa hiyo ile A yake ni ya jukwaa, yeye amepanga tu. Na aliyeshika mkia ni mama mmoja yuko humu ndani, simtaji, ana duka la vitabu mtandaoni, ana akaunti za wasomaji, na seva yake ya bei nafuu inachangia anwani na tovuti ya kubeti. Jirani akichafua kibaraza, alama zinakatwa kwake yeye.

Mimi ningekuwa mwandishi na mswada wangu wa miaka sita mkononi, ningempelekea huyo wa mkia. Kwa nini, nitafika.

Naona ndugu yangu pale anatikisa kichwa. Anasema moyoni, basi alama ni upuuzi. Sijasema hivyo. Alama zinafaa kujilinganisha na wewe mwenyewe wa mwaka jana. DMARC iweke, hailipiwi kitu. Tovuti isasishe. Ninachokataa ni kumpanga mtu mbele ya mwingine kwa kutazama rangi ya ukuta, kisha waandishi na wafadhili waione karatasi hiyo waseme huyu salama, huyu hatari. Biashara yetu haiibiwi kwa kubomoa ukuta. Inaibiwa kwa kubisha hodi.

Nipeni dakika za kisa cha Filippo Bernardini. Ndiyo, tena! Nitakirudia hadi mkishike.

Huyu ni kijana wa Kiitaliano, alikuwa akifanya kazi London, Simon & Schuster, idara ya haki za vitabu. Mwajiri wake hakushtakiwa kwa lolote, tuelewane hapo. Kuanzia mwaka 2016, pembeni ya kazi yake, alianza kuwaandikia waandishi, mawakala na wahariri akijifanya ni mhariri fulani au wakala fulani wanayemfahamu: naomba toleo la mwisho la mswada. Lugha ilikuwa ile ile ya fani, vifupisho vile vile wanavyotumia wahariri. Na watu wakatuma! Waendesha mashtaka wa Marekani walisema alipata miswada zaidi ya 1,000. Alikamatwa tarehe 5 Januari 2022 akishuka uwanja wa JFK, New York. Mwaka uliofuata akakiri kosa. Hakuongezewa kifungo, akaamriwa kulipa dola 88,000.

Aliingiaje? Hapa naomba ubao. Naandika neno letu sote: mhariri. Chini yake naandika hivi: rnhariri. Walio nyuma, mnaona tofauti? Hamwoni. La pili halina m kabisa, ni r na n zimekaa bega kwa bega. Kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, saa kumi na mbili jioni, uko kwenye daladala, nani ataona? Bernardini alisajili domeini za namna hiyo zaidi ya 160. Penguin Random House ilibadilishwa m yake ikawa r na n, basi. Hakuvunja seva yao. Nao wangeweza kuwa na A ya dhahabu siku hiyo hiyo. DMARC yao isingemgusa, kwa sababu DMARC inalinda jina lako, na yeye hakutumia jina lao. Alinunua jina lake mwenyewe, kihalali, kwa bei ya sahani mbili za chipsi kuku, na ile kufuli ya kwenye anwani angeweza kuipata bure.

Mnaona kwa nini jedwali langu liko mfukoni?

Sasa pingamizi ninalolijua kabla halijatamkwa: "Hao ni wakubwa, sisi nani atataka miswada yetu?" Dada yangu, aliwaandikia hata waandishi wa vitabu vya kwanza ambao hakuna aliyewajua. Wala haikuonekana kwamba aliuza hata mmoja. Alisema alitaka kuvisoma kabla ya wengine. Kusoma! Kama mtu anaweza kufanya kazi yote hiyo kwa sababu ya kusoma, wa kwetu anayetaka hela atafanyaje?

Na wa kwetu anataka hela, ndiyo. Namjua mchapishaji mmoja alikuwa na kazi ya vitabu vya kiada inapigwa chapa India. Mazungumzo ya miezi mitatu kwa barua pepe, bei, gramu za karatasi, jalada. Siku ya kulipa malipo ya awali ikaingia barua katika mazungumzo yale yale, na sahihi ile ile: akaunti yetu iko kwenye ukaguzi, tafadhali lipeni kwenye hii mpya. Akalipa. Mpiga chapa halisi akauliza wiki mbili baadaye, jamani mbona kimya? Nilipoitwa, anwani ilikuwa imezidi herufi moja. Tovuti ya mchapishaji yule ilikuwa safi, ningempa B bila kusita.

Turudi kwa mama wa mkia. Ofisini kwake kuna karatasi imebandikwa juu ya meza ya mhasibu: akaunti ikibadilika, piga simu, namba ya zamani, sauti unayoijua. Wala si ile namba iliyoandikwa kwenye barua hiyo mpya, maana ukipiga hiyo atapokea mwizi na atakuhakikishia kwa upole kabisa. Mhasibu anapiga hata kama bosi mwenyewe ndiye ameandika barua. Huo ni usalama wa mtandao ambao hauonekani kutoka barabarani, na gharama yake ni vocha.

Kwa hiyo mkitaka kulinganisha, linganisheni kwa maswali. Ninayo matano, na mwenyekiti ananionyesha vidole viwili, sijui ni dakika au maswali.

La kwanza nimeshalisema, ni simu. La pili: leo usiku kompyuta zote zikifungwa na wahalifu wanaodai hela ndipo wazifungue, keshokutwa unaweza kupiga chapa? Msinijibu "tuna bekapu". Kila mtu ana bekapu mpaka siku anapoihitaji. Maktaba ya Uingereza, British Library, ilivamiwa Oktoba 2023 na kundi linaloitwa Rhysida. Walidai bitcoin 20, maktaba ikakataa kulipa, wakamwaga mtandaoni mafaili ya takriban gigabaiti 600, yakiwemo ya wafanyakazi. Katalogi ilirudi mtandaoni katikati ya Januari 2024, ya kutazama tu. Na nakala za mikusanyo yao ya kidijitali walikuwa nazo! Walichokosa ni mahali pa kuzirudishia, kwa sababu mitambo ya zamani ilikuwa imekufa na mingine haikuwa na mtengenezaji wa kuihudumia tena. Maktaba ya taifa, yenye wataalamu. Wao walifanya jambo moja la kiungwana: Machi 2024 walichapisha ripoti inayoeleza walipoanguka. Mlango mmoja uliotiliwa shaka ni seva ya kuingilia kutoka mbali, isiyokuwa na uthibitisho wa hatua mbili, yaani msimbo wa ziada juu ya paswedi. Wa kwetu wangesema "tatizo la kiufundi, tunaomba radhi kwa usumbufu".

Sasa wewe ambaye faili la InDesign, ile programu ya kupanga kurasa, la kitabu kinachouza kuliko vyote liko kwenye laptopu ya msanifu wa kujitegemea, na nakala nyingine iko kwenye flashi iliyopita steshonari tatu, ikitoka na virusi vya kila mtaa, unaniambia una bekapu? Irudishe. Chukua kompyuta ngeni, Jumamosi moja, ujaribu kurudisha kitabu kimoja kutoka kwenye nakala hadi PDF ya kwenda kwa mpiga chapa. Hesabu saa. Hizo saa, au hizo siku, ndiyo namba ya kulinganisha nyumba na nyumba. Mama wa mkia alijaribu, ikamchukua siku moja na nusu, na alikasirika sana. Bwana wa namba moja nilimuuliza, akanijibu "simu yangu iko salama." Simu!

La tatu, haraka. Taarifa za watu. Mkataba wa mwandishi una namba ya NIDA, akaunti ya benki, anwani ya nyumbani, mrabaha aliolipwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Wenzetu wa Kenya wanayo yao tangu 2019, na kwao taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika una saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Taarifa. Swali langu si kama umesoma sheria. Ni mikataba hiyo iko wapi, na nani ana ufunguo. Ukisema iko kwenye imeli, uko palepale kwa Bernardini.

La nne lilikuwa la paswedi na laini za simu, kwamba msimbo wa hatua mbili unaokuja kwa meseji unaibika mwizi akihamishia namba yako kwenye laini yake, tumieni programu ya simu inayotoa misimbo. Basi, nimelimaliza. Haya mambo ya kubadili paswedi kila mwezi yaacheni, NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishashauri tangu 2017 yaachwe, watu wanaishia kuongeza 1, 2, 3 mwishoni.

La tano. Mwenyekiti, hili moja tu, halafu nakaa. Domeini yako imesajiliwa kwa jina la nani? Maana ninyi hapa wengi mlimpa kijana wa IT hela akamaliza kila kitu, kwa jina lake, kwa imeli yake, kwa namba yake, na kijana amehamia Mwanza, ana maisha mengine. Siku domeini ikiisha, taarifa inakwenda kwake. Muda wa kuilipia ukipita, mwingine anaichukua, na kwa jina lako halisi, bila r na n yoyote, anawaandikia waandishi wako wote. Majarida ya kitaaluma yametekwa hivyo, tovuti ipo, jina lipo, mwenyewe hayupo.

Tufanye zoezi dogo. Nani humu anajua, bila kumpigia mtu simu, domeini ya nyumba yake inaisha tarehe gani? Mikono juu.

Mmoja. Yule pale nyuma, karibu na mlango.

Hapana, huyo si mchapishaji. Huyo ni fundi aliyekuja kutufungia projekta.