Kidole cha Mama na Dodoso la UNESCO

(Mhadhara kwa wanafunzi wa sheria na wa kompyuta, umeandikwa kama ulivyotolewa)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wageni waalikwa, na ninyi vijana mliokaa kwenye ngazi kwa sababu viti vimewaishia: wakubwa shikamooni, wadogo habari za saa hizi.

Nimepewa mada ndefu. "Tathmini ya utayari wa nchi katika usimamizi wa akili bandia unaozingatia maadili." Nilipoisoma kwa sauti nyumbani ilibidi nivute pumzi katikati. Kwa hiyo mniruhusu nianzie mbali kidogo, kwenye kidole gumba cha mama yangu.

Mtakumbuka mwaka 2019 kila laini ya simu hapa nchini Tanzania ilitakiwa isajiliwe upya kwa alama za vidole. Kazi ilianza Mei, na tarehe ya mwisho ikaja kusogezwa hadi 20 Januari 2020. Mama yangu amelima maisha yake yote. Nikampeleka kwa wakala: mwavuli, meza ya plastiki, kijana mmoja na kile kimashine cha kusomea vidole. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, tunayo. Mama akaweka gumba la kulia, ikakataa. Akalifuta kwa ncha ya kanga, akabonyeza tena, ikakataa. Gumba la kushoto, vilevile. Mpini wa jembe ulishaisugua mistari yote ikalainika kama kokoto la mtoni. Sasa sikilizeni vizuri, mashine haikusema "nimeshindwa kusoma". Ilisema taarifa hazilingani. Mama akanigeukia: "Kwa hiyo wanasema mimi siyo mimi?"

Yule kijana alikuwa na subira. Alijaribu kidole kimoja baada ya kingine, na kile kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho hakifanyi kazi kubwa kwenye mpini, kikakubali. Hakuna aliyemlazimisha kufanya hivyo. Angeweza kabisa kutuambia turudi kesho, na nyuma yetu kwenye foleni wapo walioambiwa hivyo na mawakala wengine.

Mtasema hiyo si akili bandia, ni mashine ya vidole tu. Sawa, nakubali. Lakini jambo lenyewe lote limo mle: mfumo umeamua, mtu anayeamuliwa amesimama palepale na mwili wake kama ushahidi, na hajui mlango wa kugonga. Siku ile mlango wetu ulikuwa subira ya kijana mmoja chini ya mwavuli.

Kabla sijaenda mbele, neno kuhusu jina. Wengine wanasema akili bandia, wengine akili mnemba, wengine akili unde. Mimi natumia bandia kwa mazoea tu, ingawa mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: mwalimu, ukikutwa na noti bandia unafungwa, mbona ukikutwa na akili bandia unapewa tuzo? Sikuwa na jibu.

Haya, turudi. Novemba 2021, mjini Paris, nchi wanachama 193 wa UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, zilipitisha Pendekezo kuhusu Maadili ya Akili Bandia. Wanasheria mnajua pendekezo si mkataba. Hakuna nchi itakayoburutwa popote kwa kulikiuka. Lakini lina maneno mazito. Linasema mifumo hii isitumike kuwapa raia alama za tabia, wala kuwafuatilia watu kwa jumla, na kwamba uamuzi wa uhai na kifo usiachiwe mashine. Marekani, wanakotoka wengi wa watengenezaji wa mifumo hii, haikuwamo. Ilikuwa imeshajitoa UNESCO, ikarudi mwaka 2023.

Ili maneno yale yasiishie kabatini, UNESCO wakatunga dodoso la kupima utayari wa nchi. Lina maeneo matano: sheria na kanuni, jamii na utamaduni, uchumi, sayansi na elimu, teknolojia na miundombinu. Linauliza mengi, kuanzia intaneti mpaka wanawake wangapi wanahitimu masomo ya teknolojia. Na kitu kimoja ninachokipenda ni kwamba halikutungwa kwa ajili ya kupanga nchi kama timu za ligi. Wapo wanaopanga. IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, mwaka 2024 walitoa kipimo chao kwa nchi 174. Shida ya msimamo wa ligi mnaijua: unaweza kupanda nafasi kwa sababu tu mwenzako kafungwa.

Lakini hata dodoso zuri hujazwa na watu, na watu wanapenda kuweka tiki. Je, kuna sheria ya kulinda taarifa binafsi? Tanzania, ipo, ya mwaka 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023. Tiki. Chombo cha kuisimamia? Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tiki. Rwanda wana sera ya akili bandia tangu 2023. Kenya wana mkakati wa 2025 hadi 2030. Tiki, tiki. Sizibezi, maana bila sheria huna hata pa kuanzia. Ila tiki haikwambii kilichotokea Nairobi mwaka 2023.

Pale nitakaa kidogo. Kenya ilikuwa na sheria ya data tangu Novemba 2019. Kamishna wa data aliapishwa Novemba 2020, yaani mwaka mzima sheria ilikuwepo na kiti kitupu. Tukifika 2023 ofisi inafanya kazi. Ndipo kampuni ya sarafu za kidijitali, Worldcoin, wakaja na duara linalong'aa, ukubwa wa mpira, wanapiga picha mboni ya jicho lako, na malipo ni sarafu za kidijitali ambazo siku zile zilikuwa na thamani ya kama shilingi 7,000 za Kenya. Mwishoni mwa Julai foleni ikazunguka KICC, jengo kubwa la mikutano, katikati kabisa ya jiji. Watu wamedamka alfajiri. Na msiwacheke. Kodi ya nyumba inadaiwa, mtu anakwambia tazama hapa sekunde chache uchukue elfu saba, wewe ungemwuliza mboni yangu itahifadhiwa wapi?

Agosti 2, serikali ikasimamisha. Nyaraka zilizofika mahakamani zikaja kuonyesha kuwa ofisi ya kamishna ilishaitaka kampuni iache kukusanya data tangu Mei. Barua ilitoka Mei, foleni ni Julai. Kati ya barua na foleni kuna miezi miwili, na ndani ya miezi hiyo miwili ndipo utayari wa nchi ulipokuwa unapimwa, na hakuna aliyeshika dodoso.

Upande wa pili nao niutendee haki. Kenya walisimamisha, Bunge likaunda kamati, wanaharakati wakaenda mahakamani, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile zifutwe chini ya uangalizi wa kamishna. Nchi nyingi zisingefika hapo. Mimi nikiulizwa Kenya ilifaulu au ilifeli, nasema ilifaulu kwa kuchelewa, na aliyechelewa kufaulu ameacha picha za macho ya watu mamia kwa maelfu zikikaa kwenye kompyuta za wengine kwa karibu miaka miwili.

Eneo la uchumi nitalipita haraka, ila msisahau hili: dodoso linaweza kuhesabu ajira bila kuonja ladha yake. Jarida la Time liliandika Januari 2023 kuhusu vijana wa Nairobi waliokuwa wakisoma maandishi machafu na kuyawekea alama ili mfumo wa OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, ujifunze kuyaepuka, kwa malipo yasiyofika dola 2 kwa saa. Kwenye fomu, hizo ni ajira za kidijitali.

Sasa tuje kwenye simu zenu. Nani hapa hajawahi kuomba mkopo mtandaoni? Mwenyekiti, naona mikono michache sana imenyooka, na nusu ya hiyo siiamini. Unaomba laki, baada ya muda mfupi unapata ujumbe: "Samahani, hujakidhi vigezo." Vigezo gani? Hakuna anayekwambia. Programu imeangalia unavyotuma pesa, unavyonunua muda wa maongezi, pengine na majina yaliyomo kwenye simu yako. Jirani yako mwenye kipato kilekile kapewa. Hapa kuna kitu kinachotuhusu moja kwa moja, maana ukizungumza akili bandia watu wanafikiria roboti wa Japani, kumbe ipo mfukoni na imeshakukadiria. Sheria zetu, ya Kenya na ya kwetu, zinampa mtu haki dhidi ya uamuzi uliofanywa na mashine peke yake. Haki hiyo imeandikwa. Nyoosha mkono kama unamjua mtu mmoja aliyewahi kuidai.

Haya. Hakuna.

La mwisho nililotaka kuliweka karibu ni lugha. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zetu. Mahakama ya Tanzania pia imeingia kwenye mfumo wa akili bandia wa kunukuu maneno ya shauri na kuyatafsiri. Mimi naunga mkono. Nimewaona mahakimu wakiandika mwenendo wa kesi kwa mkono mpaka kalamu inaisha wino. Sijaujaribu mfumo wa Mahakama. Nilichofanya ni kuchukua programu ya kutafsiri iliyomo kwenye simu yangu, nikaisomea sentensi ambazo shahidi yeyote angezisema. "Nilimwona saa mbili usiku." Ikaandika kwa Kiingereza saa ambayo sisi tunaiita saa nane usiku. Saa sita zimepotea kwenye sentensi moja. Mshtakiwa aliyefika stendi saa nne usiku akapanda basi ana utetezi kwa saa nane, kwa saa mbili hana. Au kinyume chake. Nikasoma nyingine: "Alinipiga laki tatu." Ikaandika kwamba mtu kashambuliwa kwa kipigo. Utapeli umegeuka shambulio la mwili.

Mkalimani wa kule kwetu angeinua macho akauliza, "Saa mbili ya jioni, sivyo?" Mashine haiulizi. Kwa hiyo ningependa dodoso liulize hivi: mfumo huu umepimwa na wasikilizaji wa Kiswahili wangapi, wa Tanga, wa Kigoma, wa Pemba? Aliyegundua kosa alimpelekea nani taarifa, na ilichukua siku ngapi kurekebishwa? Na kwenye lile eneo la sheria, pale penye "je, kuna chombo?", ningefuta swali niandike: mwaka jana chombo hiki kilipokea malalamiko mangapi kuhusu uamuzi wa mashine, na mangapi yalibadilisha uamuzi? Kama jibu ni sifuri, msishangilie. Sifuri inaweza kuwa na maana kwamba watu hawajui ofisi iko ghorofa ya ngapi.

Nawapa kazi, na mwalimu wenu wa sheria ameniruhusu. Kila mmoja aliyewahi kukataliwa mkopo kwenye simu aiandikie kampuni husika barua, kwa Kiswahili, aulize mambo mawili: vigezo vilikuwa vipi, na binadamu gani anaweza kuutazama upya uamuzi huo. Weka tarehe, tunza nakala, hesabu siku. Wasipojibu, nakala iende Tume. Wa kompyuta mtawatengenezea jedwali.

Mimi nilishaanza. Nilituma barua mbili mwezi Machi kwa kampuni mbili tofauti. Moja haijajibiwa hadi leo. Ya pili imejibiwa kwa sentensi moja, kwamba uamuzi ulifanywa na mfumo, na chini yake wameniomba niipe huduma yao nyota tano.