Kabla ya Mtaro Kuchimbwa: Ruzuku za Kuandaa Miradi ya Majisafi na Majitaka

Waheshimiwa madiwani, wahandisi wenzangu, watendaji wa mamlaka za maji, na nyie vijana wa vyuo mliojazana kule nyuma, asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie ruzuku za kuandaa miradi. Hii ni fedha inayolipia kazi zote za kabla ya mtaro kuchimbwa: kutafuta chanzo, kupima ardhi, upembuzi yakinifu, yaani kuchunguza kama mradi unawezekana, usanifu wa kina, tathmini ya athari kwa mazingira, makadirio ya gharama na makabrasha ya zabuni. Najua mada haina mvuto. Sijawahi kuona kiongozi akikata utepe kwenye ripoti ya upembuzi yakinifu. (Kicheko.) Ukimwambia mwananchi kwamba fedha ya mwaka huu imeishia kwenye usanifu, atakuuliza bomba liko wapi. Ana haki ya kuuliza.

Kwa kawaida maandalizi hula kati ya asilimia 5 na 10 ya gharama ya mradi. Mradi wa shilingi bilioni 10 unaweza kudai milioni 500 mpaka bilioni nzima kabla hata koleo halijagusa udongo. Benki haikopeshi fedha hiyo kirahisi, kwa sababu inaweza kuishia kwenye jibu moja tu: mradi huu hapa hauwezekani. Atakayelipa mkopo huo ni nani, na atalipa kwa mauzo ya maji gani? Ndiyo maana kazi hii inahitaji ruzuku. Mimi nashikilia kwamba kitu cha thamani kuliko vyote mnachonunua kwa ruzuku hiyo ni uhuru wa kuambiwa hapana mapema, wakati hapana bado ni rahisi.

Naomba ubao.

Tuchukue kijiji chenye watu 4,000. Kwa vijijini tumezoea kukadiria lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja cha kuchotea maji kwa watu 250, na mtu asitembee zaidi ya mita 400 kuyafuata maji. Lita 25 mara 4,000 ni lita 100,000. Weka upotevu wa asilimia 20 njiani, maana bomba lisilovuja bado sijaliona, na inabidi tuzalishe lita 125,000 kwa siku. Hayo ni mahitaji ya leo. Mradi tunausanifu kwa miaka 20, na watu wakiongezeka asilimia 3 kila mwaka watafika kama 7,200. Mahitaji yanapanda hadi lita 225,000.

Sasa kijiji kina kisima kirefu ambacho kila mtu anakisifia. Pampu ya majaribio ikiwashwa kwa saa mbili inatoa mita za ujazo 8 kwa saa, watu wanashangilia, diwani anapiga picha. Samahani, mheshimiwa, sikusemi wewe. (Kicheko.) Kwa saa 10 za kusukuma maji kwa siku, kisima hicho kinatoa lita 80,000. Hakitoshi hata kwa watu waliopo leo. Na hizo 8 zenyewe ni za saa mbili. Endesha pampu usiku na mchana, pima kina cha maji kinavyoshuka, kisha zima upime kinavyorudi. Pengine utabaki na 5. Kazi hiyo inahitaji jenereta, dizeli na fundi wa kukesha akiandika namba kwenye daftari. Ruzuku ya maandalizi inamlipa fundi huyo. Asipolipwa, mnajenga tenki kubwa, mnatandaza mabomba, halafu mnaligundua tatizo mkiwa mmeshamaliza fedha.

Tena hapo hatujagusa ubora wa maji. Ukienda Arusha, Manyara au Shinyanga, kisima kinaweza kuwa na maji tele yenye floraidi iliyozidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Meno ya watoto yanabadilika rangi, na ikizidi sana mifupa inaharibika. Sampuli moja ya maabara ni gharama ndogo mno ukilinganisha na bomba la kilomita 12 kutoka chanzo kisichofaa.

Nihamie majitaka, ambako hali ni mbaya zaidi. Maandiko mengi ya mradi niliyowahi kuyasoma yanataja majitaka kwenye kichwa cha habari na kwenye aya ya mwisho. Hebu fikirini mji wa watu 30,000 unaopewa lita 80 kwa mtu. Ni lita milioni 2.4 kwa siku, na kama asilimia 80 hutoka tena yakiwa machafu. Karibu lita milioni 1.9 kila siku inayopambazuka. Yanakwenda wapi? Yanaingia kwenye mashimo ya vyoo, na mvua ikinyesha yanaingia barabarani. Mabwawa ya kusafishia kiasi hicho, maji yakikaa siku 25 kwenye kina cha mita moja na nusu, yanahitaji hekta 3 na ushee za maji peke yake. Ongeza kingo, njia za magari ya kunyonya majitaka na eneo la tope. Eneo hilo leo ni mashamba ya mihogo. Baada ya miaka mitano litakuwa viwanja vilivyouzwa, na wafadhili wengi hawalipi fidia ya ardhi. Kwa hiyo mpango wa majitaka ni mpango wa ardhi kwanza. Afisa ardhi wa halmashauri akae kwenye kikao cha kwanza, asiitwe cha mwisho.

Fedha zenyewe zipo. Kiko Kituo cha Maji cha Afrika, AWF, kilichoanzishwa na mawaziri wa maji wa bara hili na kulelewa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Maandalizi ya miradi ni kazi yake ya msingi. Kenya wana mfuko wao wa sekta ya maji, unaoelekeza fedha zaidi kwa maeneo yasiyofikiwa. Hapa Tanzania tuna Mfuko wa Taifa wa Maji, ambao chanzo chake kikubwa ni tozo ya shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Huo ni jasho letu, msiuite msaada.

Maandalizi mazuri hufungua mlango wa fedha nyingine. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10. Mnunuzi wa hatifungani hakuonei huruma. Anataka hesabu, anataka usanifu, anataka kujua bei ya maji itabeba deni. Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Maendeleo ya Mitaji, UNCDF, ulisaidia kuiandaa hatifungani hiyo.

Mwisho, hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi mnayomkabidhi mshauri. Mkimwajiri mhandisi mshauri, andikeni kwenye mkataba kwamba mnataka data ghafi za upimaji wa visima, michoro katika faili linaloweza kuhaririwa, na jedwali la makadirio likiwa na kanuni zake, si ripoti iliyofungwa tu. Nimeona halmashauri ikilipia usanifu uleule mara ya pili kwa sababu mshauri wa kwanza aliondoka na faili zake na kuwaachia kitabu kilichojalidiwa vizuri. Malipo ya mwisho yazuiwe mpaka mtaalamu wenu azifungue faili hizo kwenye kompyuta ya ofisi na aone zinafanya kazi.

Nawasikiliza. Tuanze na dada pale mbele, nimeona umenyanyua mkono tangu kwenye floraidi.